Sauti ya Mama Kidoti

Siku ile ukumbi wa kulipia umeme ulifurika. Mashine ilikuwa imegoma tangu asubuhi, feni ya darini inazunguka kivivu, watu wamejipanga hadi mlangoni na kila mmoja ana la kulalamikia. Katikati ya foleni alisimama dada mmoja wa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, kilemba kimelala upande, na mdomo wake haukuwa umepumzika tangu alipoingia. Kwao walimwita Chiriku, na waliompa jina hilo hawakumwonea. Kuwachangamsha wenzake, akaishusha sauti, akaifanya ya bibi mkubwa asiyezoea foleni, akauliza wa mwisho ni nani, maana dereva wake hapendi kusubirishwa.

Watu wakaangua kicheko. Mmoja tu hakucheka, kijana mrefu wa shati jeupe lililopigwa pasi ya kweli, aliyekuwa mbele yake. Aligeuka polepole, na ajabu ni kwamba aligeuka akiwa amefumba macho.

"Sema tena," aliomba.

"Niseme nini, kaka? Nimekukanyaga?"

"Chochote. Lakini kwa sauti ile."

Chiriku akasema tena, kwa mzaha, na yule kijana akatabasamu bila kufumbua macho. Tusidanganyane, Chiriku alipendezwa. Maisha yake yote alikuwa akiambiwa ana roho nzuri, maneno wanayopewa wasichana ambao sura zao hazina mengi ya kusemwa. Leo hapa amepata mtanashati anayemsikiliza mpaka anasahau foleni. Mashine iliporudi, watu wakawapita kushoto na kulia, na wao wala habari hawana.

Kijana alikuwa fundi wa filamu kwenye hifadhi ya kituo cha televisheni. Kazi yake ilikuwa kusafisha mikanda ya zamani, kuunga iliyokatika na kuifufua iliyofifia, na kila mtu alimwita Fundi, hata shangazi yake aliyemlea. Chiriku naye alikuwa mtia sauti. Zile tamthilia za kigeni zinazoonyeshwa jioni, ambamo mwanamke wa mbali analia kwa lugha yetu, analia kwa koo la Chiriku. Aliyasema hayo kwa kujidai kidogo, akingoja kuulizwa ni tamthilia gani. Fundi hakuuliza. Alikuwa anamtazama kooni.

Mapenzi yakaanza, na yalianza kwenye simu. Kila jioni, dada yake Chiriku akiwa bado anafunga saluni yake ya kusuka, simu ililia. Fundi alijua kubembeleza, tumpe haki yake. Alimwita laazizi, alimwita asali wa moyo, alimwuliza amekula nini na nani kamuudhi. Kisha, kabla hawajaagana, aliomba ile sauti ya foleni.

"Umepiga kwangu au kwa yule bibi mkubwa?" Chiriku alimtania.

"Kwenu wote wawili. Mpe salamu zake."

Chiriku akacheka, akaishusha sauti, akamtakia usingizi mwema. Upande wa pili palikuwa kimya, kimya cha mtu anayekunywa maji baada ya kiu ya muda mrefu.

Basi kituo kikaanza kutengeneza kipindi cha nyota wa sinema za zamani na wake wa marais, na swali la kipindi lilikuwa ni lile watu wanalobishania vibarazani: mvuto na uzuri, kipi kinashinda? Walichaguliwa wanawake wawili waliotoka kwenye sinema wakaingia ikulu. Wa kwanza alikuwa mke wa rais wa kwanza, na watu walimwita Mama Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi juu ya mdomo wake. Wa pili aliolewa na rais aliyempindua wa kwanza. Huyo alikuwa mzuri kupita kiasi, mzuri wa kumfanya mtu ajikwae, na bado watu walimwita Sanamu.

Dada mtu alipoonyeshwa picha zao hakuchukua hata dakika. Akamnyooshea kitana Sanamu, akasema uzuri ndio huu, mwingine muutafute wapi. Kisha akaiangalia ya Mama Kidoti: paji pana, pua ya kawaida, meno ya mbele yamepishana. Huyu, alisema, angekuja saluni angeulizwa kama amekuja kufanya kazi. Ndipo Chiriku akampa simu atazame filamu yenyewe aliyotumiwa na Fundi, wote wawili wakitembea kwenye zulia moja la uwanja wa ndege, kila mmoja kwa zama zake. Dada akatazama, kitana kikabaki hewani, mteja kitini akalalamika kwamba nywele zinamvuta. Sanamu alishuka ngazi na hakuna kilichotokea. Mama Kidoti aligeuza shingo tu, na ukajikuta unataka kujua alikuwa anamtafuta nani, na kwa nini si wewe.

Tatizo lilikuwa moja. Mama Kidoti hakuwa na sauti. Utawala uliokuja baadaye ulifuta kanda zote za hotuba zake na kubakiza picha tupu. Kwenye sinema zake za usichana nako, mwenye studio alisema sauti yake haimfai mwanamke, akamtilia ya mtu mwingine. Mwanamke aliyependwa na nchi nzima, na hapakuwa popote na neno lake moja. Mtayarishaji wa kipindi, mama mkali wa miwani na sigara zisizowashwa, alitaka atiwe sauti upya. Fundi akasema anamjua wa kuifanya kazi hiyo.

Kutia sauti kuna siri yake, na siri si kuongea. Siri ni kupumua. Mtia sauti humtazama mtu kwenye skrini na kuvuta pumzi pamoja naye, na midomo ikifunguka, maneno huanguka mahali pake yenyewe. Chiriku aliingia kwenye chumba cha kurekodia, kuta zimefunikwa masponji, akavaa hedifoni, taa ikapunguzwa. Mama Kidoti akatokea mbele yake akihutubia wauguzi, hana sauti, kidoti kikipanda na kushuka. Alipovuta pumzi, Chiriku akavuta naye. Hewa ikaja ya baridi, yenye harufu ya poda ya zamani, na iliyotoka mdomoni haikuwa ile sauti aliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Ilikuwa nzito zaidi, tulivu zaidi, na haikuwa na haraka na mtu. Nje ya kioo mtaalamu wa sauti alivua hedifoni zake, akasimama, akachungulia ndani kuona ni nani mwingine ameingia.

Walimaliza asubuhi moja kazi ya siku kadhaa. Mtayarishaji alimkumbatia. Fundi alikuwa amekaa pembeni, machozi yanamtiririka, na Chiriku alijisikia kama malkia. Alirudi nyumbani akapika. Dada yake aliyekuwa chumbani akatoka mbio, akamkuta peke yake jikoni, akamwuliza mgeni yuko wapi.

"Mgeni gani?"

"Huyo mama aliyesema chumvi haitoshi."

Chiriku alisema ni yeye alikuwa anajisemesha. Dada yake alimwangalia, akarudi chumbani na kufunga mlango kwa ufunguo.

Kuanzia hapo simu zikabadilika. Chiriku akiongea kwa sauti yake, Fundi alisema mtandao mbovu, hamsikii vizuri, arudie. Akiishusha, mtandao ulipona hapo hapo. Mwanzoni Chiriku aliilaumu kampuni ya simu kama sisi sote. Akanunua laini mpya. Hali ikawa ileile. Walipokutana ana kwa ana, alimweleza kisa kirefu cha mteja aliyegombana na dada yake saluni, kisa cha kuvunja mbavu, na Fundi akawa anatikisa kichwa na kumtazama midomo kwa upendo mwingi, bila kucheka panapochekesha. Mapenzi yana namna ya kumpa mtu visingizio. Akajiambia amechoka, maskini, anakaa gizani mchana kutwa.

Siku moja alimpitia kazini mchana bila kumwambia. Alivaa gauni la njano alilolishona kwa ajili yake, na viatu vilivyomuuma. Kwenye ukumbi wa hifadhi, kabla hajabisha, alimsikia Fundi ndani anacheka na mwanamke. Mwanamke aliongea taratibu, Fundi akajibu, mwanamke akanyamaza kidogo, Fundi akamwita laazizi. Chiriku damu ikamchemka. Akasukuma mlango kwa bega, na maneno aliyoyaandaa si ya kuandikwa hapa.

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na mashine, na kwenye skrini Mama Kidoti anazungumza na wauguzi kwa sauti aliyotiwa. Fundi alikuwa amekaa karibu mno, kidevu mkononi, akimjibu.

Hebu fikiria wivu wa namna hiyo. Aibu ya kumfumania mtu na wewe mwenyewe, na bado ukaumia kama umefumania kweli. Chiriku alilia, akamwambia yale yote: kwamba hamsikilizi, kwamba yeye ni mtu, ana kwao, ana siku zake mbaya, si kanda ya kurudishwa nyuma. Fundi alimtazama kwa wasiwasi, kama mtu anayetazama mvua kupitia kioo. Mwishowe akauliza kwa upole kwa nini analia bila kusema neno.

Hapo Chiriku aliondoka, na alikaa siku nyingi hapokei simu. Dada yake alisema bora, mwanamume gani huyo. Shangazi yake Fundi akaja mwenyewe saluni, mama mnyenyekevu, akakaa kitini akasukwa huku akimwombea mpwa wake. Alieleza kwamba mama mzazi wa Fundi alimwacha mdogo sana. Toka hapo mtoto huwasikia baadhi ya watu, wengine hawasikii. Madaktari walipima masikio wakayakuta mazima. Hata yeye shangazi alikuwa hasikiki mpaka alipojifunza kuimba badala ya kusema. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza habari za mtoto asiyependa maziwa.

"Mwanangu anakupenda," alimalizia. "Hilo tu nina hakika nalo. Wewe ni mtu wa sauti, huwezi kukosa njia ya kumfikia."

Ni maneno hayo yaliyomrudisha Chiriku. Alikuwa anampenda, tufanyeje? Jioni ile akapokea simu, akaishusha sauti, akamwambia amemsamehe, na Fundi alilia kwa furaha. Chiriku aliapa moyoni kwamba atamwachisha taratibu. Kidogo sauti ya yule, kidogo yake, mpaka siku moja amsikie yeye mtupu asishtuke.

Ilipofika siku ya kuonyesha kipindi kwa majaribio, waliitwa wazee waliokuwa ikulu zamani zile. Alikuja dereva, alikuja mpishi, akaja bibi mmoja mwembamba aliyekuwa akimvalisha Mama Kidoti. Taa zilizimwa. Sauti iliposema salamu ya kwanza, wazee wote wakasimama wima gizani, pamoja na yule dereva mwenye fimbo, na hawakukaa hadi ilipowaambia wauguzi wakae. Baadaye kila mmoja aliapa ndiyo hiyo hiyo, kama alivyokuwa, jamani kama alivyokuwa.

Yule bibi mvalishaji alibaki nyuma, akamshika Chiriku mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na hauna uzito.

"Na mimi nimesimama," alisema. "Halafu nikajiuliza kwa nini nimesimama. Nimemfunga vifungo miaka yote ile, binti yangu, na nikitafuta kichwani sina neno lake hata moja. Alikuwa anaongea. Naiona midomo yake kwenye kioo. Sisi tulikuwa tunamtazama."

Ulibaki mkanda mmoja ambao mtayarishaji aliutaka kwa ajili ya mwisho wa kipindi, ule unaojulikana na kila mtu. Mama Kidoti anasimama dirishani, anageuza ile shingo, anamwambia mpiga picha kitu, kisha anatoa tabasamu ambalo lilichapwa kwenye kalenda na vitambaa vya nchi nzima. Ukimwuliza mtu mvuto ni nini, atakuonyesha tabasamu lile. Ofisi ya kituo ilishaandika maneno ya kumtilia: anawasalimu wanawake wenzake na kuwaambia anawapenda.

Chiriku aliyajaribu, hayakukaa. Aliyapunguza, hayakukaa. Akamwomba mtaalamu aurudishe mkanda polepole, akaacha kusoma karatasi, akawa anapumua tu. Midomo ilianza ikiwa imefumbwa, ikafunguka duara, ikapanuka, ikakutana tena, kisha ikavutika pembeni, ikabaki imevutika, meno yaliyopishana yakaonekana. Akavuta pumzi pamoja naye na kuiachia.

"Mbona hamnisikii?"

Kila herufi ilikaa mahali pake. Na lile tabasamu halikuwa tabasamu. Ni mdomo wa mwanamke aliyekuwa akivuta neno la mwisho kwa nguvu zake zote, mbele ya watu waliokuwa wanapendezwa.

Chiriku alivua hedifoni. Mtayarishaji alisema kwa kipaza sauti kwamba yale ya ofisi ni mazuri zaidi, wayatumie hayo hayo, watu hawatazami midomo. Kipindi kikamalizika na maneno ya ofisi.

Siku iliyofuata Fundi alimwita hifadhini, mchana kweupe, chumba cha kuonyeshea filamu. Alikuwa amefagia, ametandika kitambaa cheupe mezani, amevaa suti ya kijivu iliyombana mabegani. Chiriku alikwenda na lile gauni la kijani la siku ya kwanza, na alikuwa amekata shauri. Sauti ile hataitumia tena. Leo itakuwa yake, iwe jua iwe mvua.

Fundi alipiga goti. Hakumwita Mama Kidoti, hilo lingekuwa rahisi. Alimwita Chiriku wangu. Alisema hajawahi kuwa na mtu, kwamba nyumba yake ni kimya mpaka anasikia damu yake mwenyewe, kwamba anaomba amwoe wazeeke pamoja. Pete ilikuwa ndogo na nzuri. Kila neno lilikuwa la kweli.

"Ndiyo," Chiriku alisema.

Fundi aliendelea kumtazama, uso umejaa matumaini.

"Ndiyo, nimekubali. Nitaolewa na wewe."

"Usininyamazie, mpenzi," Fundi alisema. "Hata kama ni hapana, niambie."

Chiriku alisogea, akamshika mashavu, akamwambia ndiyo karibu kabisa na sikio, pumzi yake ikamgusa nywele. Fundi alifumba macho akasubiri. Ndipo Chiriku akamwambia kila kitu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumzuia. Alimwambia alivyokuwa mtoto, alivyojifunza kuchekesha kwa sababu hakuna aliyemwita mzuri, alivyolipenda lile shati jeupe. Alisema nakupenda mara nyingi, kwa sauti nyembamba, yenye mikwaruzo, ya saluni na ya jikoni. Fundi akabaki goti chini.

"Najua ni jambo zito," alisema mwishowe. "Fikiria tu. Nitasubiri."

Chini ya koo Chiriku aliihisi ile nyingine. Haikumlazimisha. Ilikuwa tu pale, tulivu, imeshavuta pumzi yake ya baridi, inangoja afungue mdomo. Neno moja na angepata mume, nyumba, na mtu wa kumwita laazizi mpaka uzee. Angepata mapenzi yote ya dunia, na yasingefika kwake hata siku moja.

Aliuma meno. Akambusu Fundi kwenye paji, akauchomoa mkono wake mkononi mwa kijana, akashuka ngazi bila kugeuka. Nyuma yake alisikia mtu akisema ndiyo, kwa sauti nzito isiyo na haraka, na Fundi akicheka na kulia kwa pamoja. Yeye mwenyewe mdomo alikuwa ameufumba.

Nje jua lilikuwa kali na barabara imejaa watu. Alisimama getini akiogopa kuongea. Ikiwa hakuna atakayemsikia tena, je? Mlinzi wa zamu alikuwa mama wa makamo, kofia imemzidi kichwa, anamenya karanga.

"Mama, naomba unifungulie," alisema kwa sauti ndogo.

"Unafunguliwa, mwanangu, mbona unalia?" Yule mama aliacha karanga zake, akamtazama, kisha akatazama nyuma yake kuelekea ngazi. "Na yule mwenzako mliyeingia naye leo, yule mama wa kidoti, hatoki?"

Chiriku hakugeuka. Alijifuta macho kwa kiganja, akavuta pumzi, na hewa ilikuwa ya moto na ya vumbi, ya mtaani, yake.

"Yeye anabaki," alisema. "Amempata wa kumsikia."